Padri aliyefungua mlango wa tatu

Kwetu Nchiru, katika Tigania, hakuna mtu anayehitaji kufunzwa heshima ya wazee. Hapo ndipo penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na mtoto wa kijijini hukua akijua kuwa yapo mambo yasiyoweza kuamuliwa mpaka wenye mvi wakutane. Barabara ya kutoka Meru mjini kwenda Maua yapita papo hapo, chuo kikuu kimejengwa, na vijana kutoka pembe zote za nchi wamejaa madukani. Hata hivyo, jina la Nchiru likitajwa mbele ya Mmeru wa rika langu, anachokiona kwanza ni wazee na bakora zao. Ndiyo maana ninaandika makala haya kwa soni kidogo. Nataka kusimulia jinsi mzee mmoja wa Nchiru, naye ni mama yangu mzazi, alivyokosa pa kulazwa.

Mama alipatwa na kiharusi mwaka jana, akiwa na umri wa miaka 81. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito. Hospitali ilimtibu, kisha ikatueleza kwa adabu kwamba ugonjwa umetulia na kitanda chake kinahitajika na mgonjwa mwingine. Hatukubisha, maana wodi ilikuwa imejaa na macho yetu yaliona. Tukampeleka katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Msimamizi alitusikiliza kwa makini, akauliza kama mama anaweza kujiendea msalani. Tulipojibu kuwa hawezi, alitikisa kichwa. Akasema kuwa pale si hospitali na kwamba wao huwapokea wazee wenye nguvu kiasi.

Basi kwa hospitali, mama hakuwa mgonjwa wa kutosha. Kwa nyumba ya wazee, alikuwa mgonjwa kupita kiasi. Tulisimama uwanjani mimi na ndugu zangu wawili, mama yumo garini akitutazama kupitia kioo, na nyuma yetu milango miwili imefungwa. Kila aliyeufunga mlango wake alikuwa na kanuni ya haki mkononi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Usiku ule, nikiwa nimeketi kando ya kitanda cha mama, nilimkumbuka mtu mmoja aliyefariki zamani sana katika nchi ya mbali. Jina lake wasomaji wengi wa Meru wanalitamka bila ya kumjua mwenyewe. Hospitali ya misheni ya Chaaria ina jina hilo. Huko Tuuru, juu katika milima ya Nyambene, watoto wenye ulemavu wamelelewa kwa miaka mingi chini ya jina hilo hilo. Nimewasikia watu wakidhani kuwa Cottolengo ni jina la shirika la kutoa misaada, au la mji fulani wa Italia. La, hasha. Cottolengo alikuwa padri, na kazi yake yote ilianzia kwa mgonjwa aliyefungiwa milango miwili.

Giuseppe Benedetto Cottolengo, ambaye Wakatoliki wa kwetu humwita Yosefu Benedikto, alizaliwa tarehe 3 Mei 1786 katika mji wa Bra, jimbo la Piemonte, kaskazini mwa Italia. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 12. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mdogo, mama yake alimkuta akipima chumba kwa kijiti. Alipoulizwa anafanya nini, mtoto alijibu kuwa anatafuta kujua ni vitanda vingapi vya wagonjwa vingeweza kuenea humo. Huenda kisa hiki kimetiwa chumvi na wapenzi wake, kama ilivyo ada ya masimulizi ya watakatifu. Lakini wanaokisimulia walimjua vyema: huyu alikuwa mtu aliyekitazama kila chumba akifikiria nani angelala humo.

Ujana wake uliangukia zama za misukosuko. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameitwaa Piemonte na seminari zilikuwa zimefungwa, hivyo sehemu ya masomo yake aliipata kwa siri. Alipata upadri tarehe 8 Juni 1811. Baadaye alihitimu shahada ya juu ya theolojia mjini Turin, na mwaka wa 1818 akateuliwa kuwa mmoja wa makanoni wa Kanisa la Corpus Domini katika mji huo. Kanoni ni padri mwenye cheo, na cheo hicho kilikuwa na kipato cha kuaminika, nyumba nzuri na heshima mjini. Maskini walimpenda kwa kuwa mkono wake haukuwa mzito kutoa. Mtu mwingine angesema Mungu ampe nini tena.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwa na raha. Alipokaribia umri wa miaka 40 alianza kunyamaza, akawa mtu wa huzuni, kama aliyepoteza kitu asichokijua. Mkuu wake alimpa kitabu cha maisha ya Vincent de Paul, padri wa Ufaransa aliyewahudumia maskini katika karne ya 17, akitumaini kuwa kingemchangamsha. Alikisoma. Huzuni haikuondoka, ila sasa ilikuwa na mwelekeo.

Kisha ikafika tarehe 2 Septemba 1827. Familia moja ya Kifaransa ilikuwa safarini kutoka Milan kwenda Lyon, ikapitia Turin. Mke, Jeanne Marie Gonnet, alikuwa mjamzito, na njiani alishikwa na homa kali. Mumewe alimpeleka katika hospitali kuu ya mji. Wakamkataa, kwa kuwa kanuni haikuwaruhusu kumlaza mjamzito. Akampeleka katika hospitali ya wazazi. Huko nako wakamkataa, kwa kuwa kanuni haikuwaruhusu kumlaza mwenye ugonjwa wa homa kati ya wanawake wanaojifungua. Hatimaye alilazwa mahali duni palipolaliwa na wasafiri wasio na kitu, karibu na Kanisa la Corpus Domini, na Padri Cottolengo akaitwa. Alimkuta akikata roho, watoto wake wakilia kando yake. Mama alifariki, na kichanga chake pia.

Msomaji, nakuomba uzitazame kanuni hizo mbili kabla ya kuwalaani waliozitunga. Hazikuwa za kijinga. Hospitali ya wazazi ilifanya sawa kuwakinga wanawake wake na maambukizi. Hospitali kuu ilifanya sawa kumwachia mkunga kazi ya mkunga. Kila moja ilikuwa na hoja. Aliyekosa mahali ni yule mmoja aliyekuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Na uzee, ndugu msomaji, ni nini ila kuwa na mambo mawili, matatu, manne kwa wakati mmoja? Macho, na magoti, na moyo, na usahaulifu, vyote katika mwili mmoja, mbele ya milango ambayo kila mmoja unapokea jambo moja tu.

Padri alirejea kanisani, akaamuru kengele zipigwe na mishumaa iwashwe, akaimba sala kwa Bikira Maria. Waliomwona akitoka walisema uso wake ulikuwa umebadilika. Tarehe 17 Januari 1828, miezi minne na nusu baadaye, alikuwa amekwisha kukodi vyumba karibu na kanisa lake, akauza vitu vyake na kuweka vitanda vichache. Sharti la kulazwa lilikuwa jepesi: anayekataliwa kwingine, aje. Daktari Lorenzo Granetti alijitolea kutibu, na mjane Marianna Nasi Pullini akawaongoza wanawake waliokuja kuuguza. Kutokana na wanawake hao lilizaliwa shirika la masista.

Mambo mema hayakosi mikosi. Mwaka wa 1831 hofu ya kipindupindu iliingia Turin. Majirani waliogopa wagonjwa hao katikati ya mji, na wakuu wa serikali wakaamuru vyumba vifungwe. Mwenye moyo mdogo angesema Mungu amekataa. Mkulima wa Nchiru angemwelewa padri huyu, kwani yeye alikumbuka shamba: alisema kuna mboga ambazo hazinawiri mpaka zing'olewe kitaluni na kupandikizwa mahali pengine. Tarehe 27 Aprili 1832 alipakia mgonjwa mmoja, kijana mwenye mguu uliooza kwa saratani, kwenye mkokoteni uliovutwa na punda, akaenda naye pamoja na masista wawili hadi Valdocco, kiungani mwa mji, mahali pa mabanda na vilabu vya pombe ambapo watu wenye staha hawakupenda kuonekana. Hapo alianza upya. Mahali hapo alipaita Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu.

Nyumba Ndogo haikubaki ndogo. Walikuja wazee, mayatima, viziwi, wenye kifafa, wenye akili taahira, vilema wa kila aina. Jambo ninalolistaajabia ni jinsi alivyowapanga. Hakuwaita wagonjwa wala kuwapa namba. Aliwagawa katika jamaa, kila jamaa na makao yake, jina lake na desturi zake, na kila mwenye kiungo kilichobaki kizima alipewa kazi ya kiungo hicho: huyu kushona viatu, yule kufuma, yule bustanini. Wale ambao mji mzima uliwaita mazuzu, yeye aliwaita wana wema, na jina hilo likashika. Mwaka wa 1833 Mfalme Carlo Alberto aliitambua nyumba hiyo rasmi na kumtunuku padri nishani. Padri hakubadilika. Aliendelea kuishi miongoni mwa watu wake.

Katika fedha alikuwa mtu wa ajabu. Hakutaka akiba wala vitabu vya hesabu. Aliamini kwamba Mungu aliyeleta mkate wa leo anajua pia kuwa kesho kuna watu watakaokuwa na njaa, na kwamba kuhesabu ni kumshuku. Mfalme, aliyempenda, aliingiwa na wasiwasi na kumuuliza nani angeiendesha nyumba hiyo siku mwanzilishi atakapofariki. Yasimuliwa kuwa padri alimwonyesha mfalme dirishani jinsi askari walivyobadilishana zamu langoni mwa jumba lake. Mmoja alifika, akanong'onezwa neno na mwenziwe, akashika nafasi yake, na aliyetangulia akaenda zake. Jumba halikukaa bila mlinzi hata kwa dakika moja. Ndivyo itakavyokuwa, alisema padri.

Mwaka wa 1842 homa ya matumbo iliingia ndani ya nyumba yake, naye ikampata. Alimkabidhi Padri Luigi Anglesio uongozi, akapanda gari la farasi kwenda Chieri, mji wa jirani, nyumbani kwa ndugu yake aliyekuwa padri kama yeye. Huko alifariki tarehe 30 Aprili 1842, akibakisha siku tatu atimize miaka 56. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka wa 1917 na mtakatifu mwaka wa 1934. Nyumba yake ingali imesimama Turin hadi leo, na zamu hubadilishwa kila siku.

Masista wake walifika Kenya mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Consolata, ambao chimbuko lao pia ni Turin, waliingia nchini mwaka wa 1902, na mwaka uliofuata masista wa Cottolengo wakaja kuwasaidia. Waliondoka miaka ya 1920. Warithi wao walirudi miaka ya 1970, safari hii Meru kwetu, wakaanzia Tuuru. Hivyo basi yule mgonjwa aliyekufa Turin mwaka wa 1827 ana wajukuu Nyambene.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonifanya nimkumbuke. Wakenya waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 2.7 katika sensa ya mwaka wa 2019. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji wa kiasi kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Tangu mwaka wa 2018 mpango wa Inua Jamii umewalenga wazee wote waliotimiza miaka 70 kwa malipo ya Sh2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini haumnunulii mtu wa kumgeuza mzee kitandani. Kazi hiyo bado iko mikononi mwetu, na wengi wetu hatujui hata pa kuulizia.

Kwanza tuelewe majina. Kibao kilichoandikwa nyumba ya uuguzi kwa Kiingereza, katika miji yetu mingi, huwa ni cha hospitali ndogo ya mtu binafsi ambako akina mama hujifungua. Usimpeleke babu huko ukitarajia atunzwe hadi mwisho. Makao ya wazee ni kitu kingine. Yapo yale ya hisani, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka wa 1839, siku za Cottolengo mwenyewe. Yapo ya umma, kama Mji wa Huruma jijini Nairobi, au yale ya Sebleni na Welezo kule Unguja. Na yapo ya kulipia, ambayo yameongezeka miaka hii. Aina ya nne si makao bali ni huduma: hospisi, kama ile ya Meru, ambayo kazi yake ni kumpunguzia maumivu mwenye maradhi yasiyopona. Ya tano ni mtunzaji anayekuja nyumbani. Aliyechanganya aina hizi atapiga hodi penye mlango usio wake, kama tulivyopiga sisi.

Pili, tujue la kuuliza. Mimi nimejifunza kutoka kwa maisha ya padri huyu, na ninakupa bure nilichokipata.

Uliza ni nani anayekataliwa. Usiulize tu kama watampokea mzazi wako leo. Uliza watafanya nini siku atakaposhindwa kutembea, au atakapoanza kusahau na kutangatanga usiku. Nyumba inayomrudisha mzee kwa jamaa pindi anapozidiwa ni hoteli, hata kama ina msalaba au hilali mlangoni.

Sikiliza jinsi wanavyowaita. Mtunzaji anayemtaja mzee kwa jina lake, akajua alikuwa fundi au mwalimu au mkulima wa miraa, huyo anamwona mtu. Anayesema yule wa kitanda cha pili anaona kitanda. Kisha tazama mikono ya wazee. Je, wana la kufanya, hata kama ni kuchambua maharagwe tu? Au wamepangwa ukutani kama viti?

Tazama vitu vidogo. Je, kikombe cha maji kiko mahali ambapo mkono wa mgonjwa unafika? Je, asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na kuna mahali panapoandikwa kuwa amegeuzwa? Mzee asiyegeuzwa hupata vidonda vya kulalia mgongoni na visiginoni, na vidonda hivyo huua. Omba kuonyeshwa, usiridhike na kuambiwa.

Nenda bila kutangaza, na urudi mara ya pili kwa saa nyingine. Nyumba inayofunga geti kwa jamaa isipokuwa saa moja ya Jumapili ina jambo inaloficha, au imesahau kuwa mzee ana watu.

Kuhusu fedha, hapo ninatofautiana na mtakatifu, Mungu anisamehe. Yeye aliweza kuendesha nyumba bila vitabu kwa kuwa alilala humo humo na kula chakula kile kile. Wewe unayempeleka mzazi kwa watu usiowajua, dai kila kitu kwa maandishi: kibali cha kuendesha nyumba, majina na vyeti vya wauguzi, ada ya mwezi, na yale yatakayolipiwa kando kama dawa na nepi. Imani ni kwa Mungu. Kwa wanadamu kuna risiti.

Najua wapo watakaoniambia kuwa Mmeru hapeleki mzazi wake kwa watu. Niliambiwa hivyo na jamaa yangu mmoja katika kikao cha ukoo, kwa sauti ya juu, naye haishi Nchiru wala hajalala kando ya mama hata usiku mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Nimewaona wazee katika vijiji vyetu waliobakishwa nyumbani kwa jina la mila, huku anayewatunza ni mjukuu wa miaka 13 aliyeachishwa shule, au msichana wa kazi asiyefunzwa lolote. Hao hawakupelekwa kwa watu, ni kweli. Walipelekwa kwa upweke, na upweke hauna hata msimamizi wa kulalamikiwa.

Wala sisemi kuwa nyumba ya wazee ndiyo jibu la kila ukoo. Cottolengo, aliyewafungulia maelfu nyumba, mwenyewe alifia kwa ndugu yake. Sioni ukinzani hapo. Jamaa na nyumba ya wazee si mahasimu. Hasimu wao wote wawili ni mlango uliofungwa.

Tulipokuwa tumekwisha kubishana kwa wiki mbili, mimi na kaka yangu na dada yetu mdogo, tukagundua kuwa hatukuwa tumemuuliza mwenyewe. Tuliketi kitandani kwake tukamweleza yote: nyumba tulizozizuru, gharama, uwezekano wa kubaki. Mama alisikiliza. Kisha, kwa ule ulimi wake mzito, akauliza jambo moja tu, tukalazimika kumwomba arudie mara mbili ndipo tulielewe. Aliuliza ni nani atakayekuwa macho usiku. Alisema mchana hana shida, mchana watu hupita. Ni usiku ambapo mguu humuuma na hawezi kuita kwa nguvu.

Sote watatu tulitazamana. Tulikuwa tumeuliza habari za ada, za chakula, za umbali kutoka barabarani, hata za kanisa. La usiku hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Kwa sasa mama yuko nyumbani. Kaka ameuza gari lake, mimi na dada tunachanga kila mwezi, na tumeajiri watunzaji wawili waliosomea kazi hiyo, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Tumechagua pia nyumba moja iliyokubali kumpokea siku tutakaposhindwa, na mama mwenyewe amepelekwa kuiona akaridhika nayo. Siku hiyo ikifika sitaona haya kumpeleka, na atakayenisema nitamkaribisha aje akeshe zamu moja.

Saa kumi na mbili jioni, nikiwa Nchiru, huketi kibarazani nikawatazama wakipokezana. Yule wa usiku hufika akiwa amejifunga shali, maana baridi ya kwetu haina huruma. Yule wa mchana humnong'oneza habari za siku: amekula nini, amegeuzwa saa ngapi, mguu umeuma au la. Kisha mmoja hushika njia na mwingine huingia ndani, na taa ya chumba cha mama haizimwi.